Dawa ya petroli, kumwaga au kuwasha kila mwezi: kipi kinafaa injini itakayokaa muda mrefu?

Masika inapokaribia, hoteli nyingi za Mafia, Zanzibar na Lamu hufunga kwa wiki kadhaa. Mashine za boti zinaingia stoo na petroli imebaki ndani. Tuifanyeje? Mwenye jenereta ya akiba ana swali hilohilo, ila lake halina msimu. Mwenye pikipiki anayekwenda Muscat kwa mkataba wa miaka miwili analo zito kuliko wote. Majibu ya mtaani ni matatu: mwaga yote, tia dawa, au mwachie kijana awe anaiwasha. Kila jibu lina watu wa kuliapia, na wote wanaweza kukutajia injini iliyopona kwa njia yao.

Ugomvi hauishi kwa sababu tunaizungumzia injini kana kwamba ni kitu kimoja. Tangi na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, haviharibiki kwa namna moja wala kwa kasi moja, na dawa inakifaa kimoja kuliko kingine. Vitenganishe, na nusu ya uamuzi imeshakwisha.

Kinachoharibika ni nini hasa

Petroli ni mchanganyiko. Ndani yake kuna sehemu nyepesi sana, ndizo zinazoifanya injini iwake asubuhi ikiwa baridi, na ndizo zinazovukia kwanza. Zinazobaki hukutana na oksijeni ya hewa na kuanza kugeuka ulimbo wa rangi ya chai. Shaba iliyomo kwenye jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, huharakisha kazi hiyo, na joto huharakisha zaidi. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka huifanya kasi iwe karibu maradufu. Stoo ya bati isiyo na dari, mchana wa Februari, si mahali pa kuweka petroli.

Sasa linganisha. Tangi la lita 20 lililojaa lina hewa kidogo juu ya mafuta mengi. Bakuli la kabureta lina vijiko vichache vya petroli, lina tundu la hewa lililo wazi, na lina shaba katikati. Hapo ndipo ulimbo unapoanzia. Tangi linaweza kukaa miezi mitatu na mafuta yake bado yakawaka vizuri, huku kabureta iliyo chini yake imeziba.

Dalili fundi yeyote anaijua: injini inawaka ukiwa umefunga choki, ukiifungua inazima, au inabaki inapanda na kushuka yenyewe. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa haina mzigo, ina tundu jembamba kuliko pini. Ukiiinua kuelekea mwanga na huoni kitu, umeshapata jibu. Na hapo ndipo watu wanapokimbilia dukani kununua dawa, wakati ambao dawa haina la kufanya.

Dawa: inafanya nini na haifanyi nini

Dawa ya kutunza petroli ina kemikali za kuzuia uoksidishaji. Zinakatiza ule mnyororo wa kutengeneza ulimbo kabla haujashika kasi. Nyingi huongezewa vizuia kutu. Kilichokwisha kuwa ulimbo hakirudi kuwa petroli, na sehemu nyepesi zilizokwisha kuruka hazirudishwi. Kwa hiyo dawa hutiwa kwenye petroli mpya, siku ileile uliyotoka nayo sheli ikiwezekana.

Zinazojulikana zaidi ni za Marekani, na vipimo vyake vinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. STA-BIL ya kawaida ni ml 30 kwa lita 9.5, yaani kama ml 3 kwa lita, na lebo yake inaahidi hadi miezi 24. Chupa ya ml 237 inatosha lita 75 hivi. Sea Foam, ukiitumia kwa kutunza, inataka karibu ml 16 kwa lita, kwa hiyo chupa yake ya ml 473, iliyo kubwa mara mbili, inaishia lita 30. Nayo inaahidi miaka miwili. Ukiona bei za chupa hizi mbili zinakaribiana, usilinganishe chupa. Linganisha lita zitakazotunzwa. Sea Foam ina faida yake: imetengenezwa kwa mafuta mepesi, nafta na kileo cha isopropili, hivyo inasafisha uchafu mwepesi na kubeba maji kidogo. Lakini kama kazi ni kutunza tu, STA-BIL inakwenda mbali zaidi kwa ujazo uleule.

Kuna pia STA-BIL ya boti, ile iliyoandikwa 360 Marine. Kipimo chake ni ml 30 kwa lita 38, na ahadi yake ni miezi 12 tu. Ufupi huo usikukatishe tamaa: mvuke wake hupaka kinga kwenye chuma kilicho juu ya usawa wa mafuta, pale petroli isipofika. Kwa tangi la chuma karibu na bahari, hiyo ina thamani kuliko miezi 24 ya karatasi.

Kuhusu ahadi za lebo: biashara kubwa ya dawa hizi ni mashine ya kukata nyasi iliyofungiwa gereji baridi kutoka Novemba hadi Machi. Mimi huihesabu ahadi kuwa nusu tukiwa huku kwenye joto. Miezi 24 naisoma 12, na bado stoo iwe na kivuli.

Kupima ndiko kunakowashinda wengi. Kifuniko cha chupa si kipimo. Nunua bomba la sindano la ml 20 duka la dawa, halina hata haja ya sindano. Jenereta yenye injini ya aina ya Honda GX160 ina tangi la lita 3.1, kwa hiyo inataka ml 10 tu za STA-BIL. Tangi la lita 24 la mashine ya boti linataka ml 75. Tangulia na dawa ndani ya tangi, kisha mimina petroli juu yake, ichanganyike yenyewe. Kuzidisha kidogo hakudhuru. Kupunguza ni kupoteza pesa. Halafu jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: washa injini dakika 10 nje ya nyumba. Mwongozo wa Honda unasema hivyo waziwazi, ili petroli yenye dawa ifike kwenye kabureta na kuiondoa ile isiyo na dawa. Bila hizo dakika 10 umetunza tangi na kuiacha kabureta ife peke yake.

Tahadhari ya dukani. Kwenye maduka ya spea, Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, ukisema "dawa ya petroli" unaweza kupewa chupa za aina nne zinazokaa rafu moja: ya kupandisha okteni, ya kusafisha nozeli, ya kuondoa maji, na ya kutunza. Ni hiyo ya mwisho tu inayokuhusu. Tafuta neno *stabilizer* kwenye lebo, na uone imeandikwa muda wa kuhifadhi. Kama lebo inazungumzia nguvu na kilomita tu, irudishe.

Wala dawa haiponyi petroli iliyochanganywa mafuta ya taa. Uchakachuaji si hadithi. Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, sababu ilikuwa hiyo, na Tanzania hutia vinasaba, yaani alama za kemikali za kuyatambua, kwenye mafuta kwa sababu hiyohiyo. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka bila alama; yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Ya namna hiyo itumie leo, usiihifadhi.

Kumwaga: rahisi, ila kuna mtego

Kwa kabureta, kumwaga kunaishinda dawa, na sioni cha kubishania. Pasipo petroli hapana ulimbo. Hakuna chupa ya kununua, hakuna kipimo cha kukosea, na inafaa miezi mitatu kama inavyofaa miaka miwili.

Namna ya kumwaga inaleta tofauti. Wengi hufunga koki na kuiacha injini iunguze mafuta hadi izime yenyewe. Ni nusu ya kazi. Jeti kuu haifiki chini kabisa ya bakuli, hivyo injini inazima huku petroli kidogo imebaki chini, na hiyo kidogo ndiyo itakayokauka na kugeuka gundi. Baada ya kuzima, weka kikopo chini ya kabureta, legeza bolti ya kumwagia iliyo chini ya bakuli, uache kitone cha mwisho kitoke. Kwenye injini nyingi ndogo za jenereta na pampu, hii ni kazi ya spana moja na dakika mbili. Ukiona kwenye kikopo kuna vitone vinavyotembea chini ya petroli kama shanga, hayo ni maji, na ni vizuri umeyajua mapema.

Kwa mashine ya boti, chomoa mpira wa mafuta, iendeshe kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi hadi izime, kisha legeza bolti za kabureta vilevile. Maji hayo yanaosha na njia za kupozea, kwa hiyo unaua ndege wawili. Injini ya kuchanganya oili inataka hili zaidi kuliko nyingine. Petroli ikivukia kwenye kabureta yake, oili inabaki palepale na kuungana na ulimbo, na ukipata mchanganyiko huo hata fundi hodari atatumia nusu siku.

Mtego uko kwenye tangi. Tangi la plastiki limwage, lifute, maneno yamekwisha. La chuma ni habari nyingine, hasa pwani. Likiwa tupu linavuta hewa ya chumvi kila usiku na kuitoa kila mchana kupitia tundu la kifuniko. Unyevu unaganda kwenye kuta, na baada ya miezi michache unapata unga mwekundu unaoshuka moja kwa moja kwenye kabureta uliyoikausha kwa uangalifu. Tangi la pikipiki ni la chuma. La jenereta nyingi pia ni la chuma.

Ndiyo maana kwa injini yenye tangi la chuma na koki, jibu langu si dawa wala kumwaga, ni vyote viwili: jaza tangi petroli mpya yenye dawa, endesha dakika 10, funga koki, kausha kabureta. Tangi lililojaa halina nafasi ya kutu, kabureta kavu haina cha kuganda. Usijaze hadi mdomoni. Petroli hutanuka, na tangi la lita 20 likipata joto la nyuzi 15 zaidi litataka nafasi ya karibu theluthi moja ya lita, yaani kama ml 300. Na lisikae ndani ya nyumba ya kulala wala karibu na jiko. Huna mahali pa namna hiyo? Basi mwaga, tia oili safi kidogo ndani ya tangi, ligeuzegeuze ipake kuta, ufunge.

Kukausha kuna hasara moja ya kweli: mipira na gasketi zilizozoea petroli hukakamaa zikikaa kavu muda mrefu. Kwenye kabureta za misumeno ya miti, zenye utando laini wa mpira badala ya floti (kiboya cha ndani ya bakuli), hili hutokea. Utando ni spea ndogo, hivyo bado nachagua kukausha.

Kuwasha kila mwezi

Njia hii ndiyo inayopendwa, maana haidai chochote isipokuwa ahadi. Kijana anakuja, anavuta kamba, jenereta inanguruma dakika mbili, anaizima, anaandika "imewashwa". Dakika mbili ni mbaya kuliko kutoiwasha kabisa. Injini haipati joto la kutosha kuukausha unyevu unaotokana na mwako, maji yanaingia kwenye oili, plagi inashika masizi, na petroli ya tangi inabaki ileile ya mwezi uliopita.

Ikifanywa sawasawa ina maana kwa mtu mmoja: mwenye jenereta inayotakiwa kuwaka umeme unapokatika saa nane usiku. Zahanati yenye friji ya chanjo haiwezi kumwaga tangi. Hapo iwashwe mara moja kwa mwezi, nusu saa, ikiwa na mzigo. Pasi ya umeme au jagi la kuchemshia maji linatosha kuifanyisha kazi jenereta ndogo. Petroli iwe na dawa, na kila baada ya miezi michache ile ya tangi itumike kwenye pikipiki au gari, ijazwe mpya. Dawa na kuwasha vinakwenda pamoja hapa. Kimojawapo peke yake hakitoshi.

Basi uchague nini

Mashine ya boti inayolala masika tu, tangi la plastiki: mwaga kabureta, petroli iliyobaki itumieni. Sioni sababu ya kununua dawa kwa miezi miwili au mitatu, isipokuwa mna madumu mengi ambayo hayana wa kuyamaliza. Hata hapo, kama imeshachanganywa oili usiihifadhi zaidi ya mwezi. Changanya ya kutumia, mengine yabaki petroli tupu.

Pampu ya umwagiliaji inayongoja kiangazi: tangi la chuma lijazwe na dawa, kabureta ikaushwe. Usisahau kubadilisha oili kabla ya kuiweka, si siku ya kuitoa. Oili chafu ina tindikali na maji yanayokula chuma taratibu.

Pikipiki ya anayekwenda Uarabuni miaka miwili: usiiamini dawa yoyote kwa muda huo kwenye joto letu. Mwaga tangi, lipake oili, kausha kabureta, toa betri. Kisha fungua plagi, mimina ml 5 hadi 10 za oili safi ndani ya silinda, zungusha injini mara kadhaa, rudisha plagi. Zungusha tena polepole mpaka uhisi inakaza, uache hapo. Valvu zinakuwa zimefunga na unyevu hauna pa kupita. Au mwuzie shemeji.

Gari au pikipiki ya EFI, yaani inayopuliza petroli kwa nozeli badala ya kabureta: hapa ndipo dawa inapostahili pesa yake yote. Huna bakuli la kumwaga, pampu imo ndani ya tangi, na kuitoa petroli yote ni kazi ya gereji. Jaza tangi petroli mpya yenye dawa, endesha barabarani robo saa, paki kwenye kivuli. Mfumo wake umefungwa kuliko kabureta, kwa hiyo petroli huchelewa kuharibika hata bila dawa. Kwa Toyota IST inayomsubiri mwenyewe miezi sita, inatosha.

Kwa wenzetu walioko Uingereza, Marekani au Kanada hesabu inabadilika kidogo. Petroli ya kawaida Uingereza imekuwa E10, yaani yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli (kileo), tangu Septemba 2021, na Marekani karibu yote ina ethanoli asilimia 10. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewa. Maji yakizidi takriban ml 5 kwa lita, yanaungana na ethanoli na kuzama chini ya tangi, pale pale mafuta yanapovutwa. Dawa yoyote inayodai kuyarudisha juu, iachie dukani. Huko jaza tangi na dawa mapema kabla ya baridi, au nunua petroli isiyo na ethanoli ikiwapo. Ya makopo, kama Aspen ya Sweden, hukaa miaka kadhaa bila kuharibika na kwa msumeno unaotumika mara mbili kwa mwaka bei yake haiumi. Kwa jenereta inayokunywa lita tano kwa usiku, ni anasa.

Na ile petroli ya zamani uliyoikuta tangini? Imimine kwenye chupa ya kioo iliyo safi, uiweke pembeni ya chupa ya petroli mpya. Kama rangi ni ileile na harufu bado inapiga puani, ichanganye kidogo kidogo, sehemu moja kwa sehemu nne za mpya, imalize kwenye gari. Kama imekuwa ya chai na inanuka kama vanishi, usiitie kwenye injini yoyote, usiimwage mtaroni, na usimpe mtu wa kuwashia mkaa. Mpelekee fundi wa gereji. Anaitumia kuoshea spea zenye grisi.